Mwaka wa kwanza Mwanza: dozi nne za malaria, kipimo kimoja tu

Mapanki_na_Madesa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mdogo wangu anaripoti chuo hapa Mwanza wiki ijayo. Jana kanipigia simu kutoka Tukuyu ananisomea vitu alivyofungashiwa na mama: shuka mbili, ndoo, blanketi zito (Mwanza hii, la nini sijui), mchele, majani ya chai, na dozi mbili za dawa mseto ya malaria. Nikamwambia arudie hapo mwisho. Dozi mbili, mama kazifunga kwenye soksi. Namuuliza za nini, ananijibu, "Kaka, si uliumwa sana mwaka wa kwanza?"

Niliumwa kweli. Ila ugonjwa wenyewe nilikuja kuujua Januari, na nyumbani sikuwahi kuwaambia. Ndiyo naandika hapa, kwa sababu kuandika huku ni rahisi kuliko kumwambia mama.

Nafika Mwanza mara ya kwanza sijawahi kuliona ziwa. Kwetu ni baridi, mvua, ndizi na maziwa. Mbu wapo lakini si wa kutisha. Kila mzee aliyeniaga alinipa neno moja: malaria. Kwa hiyo wiki ya tatu kichwa kilipoanza kugonga na viungo kulegea, sikujiuliza. Duka la dawa la mtaani, nikajieleza, nikapewa mseto, hakuna aliyenitoboa kidole. Siku tatu nikamaliza dozi, nikapata nafuu. (Siku hizo tatu nilikuwa nimelala tu, kumbukeni hilo.) Baada ya wiki mbili hali ikarudi, nikanunua tena. Safari ya tatu muuzaji akaongeza na dawa za taifodi, "tuikabe pande zote". Safari ya nne hata sikujieleza, aliniona tu akainuka kwenda kwenye shelfu. Muda wote huo kadi ya bima niliyolipiwa 50,400 iko kwenye pochi, haijawahi kupigwa na upepo.

Sasa maisha yenyewe yalikuwa hivi. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) limechelewa. Nimepanga geto Mkolani peke yangu kwa sababu niliambiwa hosteli kuna kelele. Asubuhi sili. Mchana chipsi kavu, siku ya neema chipsi mayai. Usiku nakesha na madesa (notisi za masomo) mpaka saa tisa nikisukumwa na enaji mbili, saa moja na nusu niko darasani nasinzia. Jaribio la kwanza nikapata 9 kati ya 30. Sikumwambia mtu. Ukoo mzima mimi ndiye wa kwanza kufika chuo. Nikipiga simu nyumbani nasema masomo yanaenda vizuri, nakata, nakaa natazama ukuta.

Januari, usiku mmoja, nimelala moyo ukaanza kwenda mbio wenyewe. Jasho, vidole vinakufa ganzi, pumzi inaishia kooni. Nikajua ndiyo nakufa, na mwenye nyumba atagundua siku ya kodi. Nikaita boda mpaka hospitali. Wakapima malaria: hamna. Wakapima moyo kwa ile mashine ya waya: uko sawa. Damu ikaonekana pungufu kidogo. Daktari, mama mmoja wa makamo, akaacha kuandika akaniuliza:

"Jana umeongea na nani?"

Nikaanza kuhesabu. Konda wa haisi. Muuza chipsi. Nikakwama hapo. Wakuu, nilikaa kwenye kile kiti nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hakunipa dawa ya malaria. Alisema moyo mzima, ila mwili una njaa, hauna usingizi, na una hofu nyingi isiyo na pa kutokea. Kile kilichonipata usiku ni hofu iliyopanda ghafla. Akaniandikia vidonge vya kuongeza damu na siku za kurudi kuonana na mshauri wa kitengo cha afya ya akili. Safari ya kwanza nilisubiri korido iwe tupu ndipo nikagonga mlango. Safari ya pili nikamkuta CR wetu (kiongozi wa darasa) kakaa kwenye benchi la kusubiri. Tukatazamana, tukacheka mpaka nesi akatoka kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo nilihamia chumba cha watu wawili. Pili, bumu lilipoingia, kabla sijagusa kitu nilimpelekea mama ntilie mmoja hela ya chakula cha mwezi, akaniandika kwenye daftari: asubuhi uji na kiazi, mchana ugali na dagaa au mapanki (vichwa na mifupa ya sangara). Bodi ya Mikopo inatupigia 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo, lakini ikishakuja kwa mkupuo inaonekana ni utajiri. Bora ikae kwa mama kuliko mfukoni. Na yule mama nikipitiliza siku moja anauliza kwa nini. Hilo peke yake lilikuwa tiba.

Nilichotaka kumwambia mdogo wangu ni kwamba kichwa kikiuma, asikipe jina kabla hajapima. Na kipimo kikisema malaria hamna, asirudi geto kama vile hana tatizo.

---

Ngosha_wa_Usagara

Wangaluka mleta uzi. Mtu wa Tukuyu kuja kula mapanki, tayari umeshakuwa ndugu yetu. Ila hilo blanketi mwache aje nalo. Mvua ya Aprili ikipiga kutoka ziwani usiku ataomba la pili.

---

Nesi_wa_Zamu

Uzi mzuri, ila nawajua nyie, kuna watakaosoma nusu wakasema "kumbe homa ya Mwanza ni msongo tu". Hapana.

Kanda ya Ziwa malaria ipo. Na wewe uliyekulia nyanda za juu inakuchapa kuliko mtoto wa Sengerema, kwa sababu mwili wako haujazoeana nayo. Homa ikianza, siku hiyo hiyo kapime. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu na kama robo saa ya kusubiri. Mleta uzi hata hawezi kujua kama zile dozi za mwanzo moja haikuwa malaria kweli. Hakupima, basi, imeshapita.

Ikionekana ipo, mseto kwa mtu mzima ni vidonge vinne, mara sita, kwa siku tatu: vya kwanza papo hapo, vya pili baada ya masaa nane, kisha asubuhi na jioni. Meza na kitu chenye mafuta, maziwa au karanga, hata chapati. Tumboni kukiwa kutupu dawa haisharabiwi vizuri. Na ninyi wanafunzi mna tabia ya kupata nafuu siku ya pili, vinavyobaki mnamwekea rumeti. Mnaharibu wote wawili.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kile kipimo cha haraka kinaona protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya wewe kupona. Kwa hiyo ukimaliza dozi ukarudi baada ya wiki mbili, kinaweza kusema ipo na kumbe ni kivuli cha ile ya zamani. Hapo omba damu iangaliwe kwa hadubini.

Na "taifodi" za mtaani ndizo zinanikera zaidi. Kipimo cha Widal cha mara moja hakitoshi kukuhukumu. Watu wengi tunaoishi huku tukipimwa leo kitaonyesha kitu. Taifodi ya uhakika inaonekana damu ikioteshwa maabara. Dawa za bakteria si karanga za kutafuna njiani.

Ukiona mtu mwenye homa anachanganyikiwa, anatapika kila anachomeza, ana degedege, mkojo umekuwa kama koka au hawezi kusimama, usimpeleke duka la dawa. Mpeleke hospitali, usiku huo huo.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Bugando ina idara ya magonjwa ya akili na wanaokaa kwenye yale mabenchi ni watu kama ninyi, wengine wameshika madesa. Mtu wiki mbili hali vizuri, halali au analala kutwa, haendi darasani, hacheki na chochote: huyo anaumwa. Na mwenzako akikwambia anatamani asiamke kesho, amini kauli yake. Usimwache peke yake usiku huo, mwite mtu mzima, mfikishe hospitali.

---

Jiwe_la_Bismarck

Mtanisamehe lakini vijana wa sasa ni laini. Sisi miaka ya 2000 tulilala wanne chumba kimoja, kitanda kimoja wanaingia wawili, tunakula mara moja kwa siku, na sijawahi kusikia mtu moyo unakwenda mbio. Msongo umekuja na simu.

---

Binti_Igoma

@Jiwe_la_Bismarck shikamoo kaka. Mlilala wanne, ndiyo. Mleta uzi alilala peke yake.

---

Jiwe_la_Bismarck

Marahaba. Hapo umenifunga, kidogo. Nakumbuka mmoja wetu alikaa wiki nzima haongei, tukawa tunambeba kwenda kula kwa nguvu. Tulidhani karogwa kwao. Sasa hivi naanza kufikiri vingine.

---

Mtoto_wa_Nansio

Mimi nataka niseme kinyume cha mleta uzi, maana kwetu ilikuwa hivyo.

Rumeti wangu wa mwaka wa kwanza alitoka Dodoma. Kuona maji mengi namna ile akapagawa. Kila Jumamosi mchana anashuka ufukweni kuoga na kuogelea, mimi namwambia usiingie, ananiona nina wivu, "wewe si mtu wa kisiwani, mbona unaogopa maji?" Ndiyo maana naogopa, bwana. Kama mwezi na nusu hivi, mitihani ya mwisho inakaribia: homa za jioni, kikohozi kikavu, vipele vinawasha, tumbo linasokota. Halafu akaanza kuhara, ana choo chenye damu anaficha. Kila mtu akamwambia ni presha ya mitihani. Mshauri wa chuo naye akamwambia apumzike. Akapumzika na minyoo yake.

Nilimburuta maabara akapime choo. Kichocho. Mayai yanaonekana waziwazi.

Kwa wageni: kichocho cha ziwani ni cha tumbo, si kile cha kukojoa damu mnachokisikia kwenye madimbwi ya kule bara. Konokono wadogo wa kwenye majani ya ufukweni wanatoa vijidudu usivyoviona, vinapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini, huhitaji kuyanywa. Jua la mchana ndipo wanapovimwaga zaidi, yaani saa ile ile mnayoona inafaa kuogelea. Usidanganyike kwamba asubuhi ni salama. Maji ya ziwa yakishachotwa yakakaa siku mbili kwenye ndoo safi yenye mfuniko, wale vijidudu wanakufa, unaweza kuogea. Ya kunywa bado chemsha.

Dawa ipo, ni prazikwanteli, unapimwa uzito kwanza. Ni miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600 kwa mara moja. Kula kwanza. Ni vichungu na vinaleta kizunguzungu. Vinaua minyoo mikubwa, ile michanga inaponyoka, kwa hiyo ukinywa wiki moja baada ya kuogelea umejidanganya. Daktari anaweza kukurudishia baada ya wiki kadhaa. Sisi wa visiwani tumemeza hivi vidonge tangu shule ya msingi, tunapangwa mstari kama askari. Ukiacha miaka mingi kinakwenda kwenye ini, na huko hakuna utani.

Kwa hiyo na huo "msongo" nao upimwe.

---

Mapanki_na_Madesa (mleta uzi)

@Mtoto_wa_Nansio nakubali kabisa, umekamilisha nilichokiacha nusu. Mdogo wangu anajua kuogelea mito ya kwetu, huyo ndiye atakayenisumbua.

---

Mkeka_Umechanika

Naandika kwa jina hili kwa sababu la kweli mnalijua humu.

Mnaongea chakula, chakula. Mimi bumu langu la kwanza liliingia saa nne asubuhi. Mpaka usiku, mechi ya mwisho ilipoisha, nilikuwa nimebakiwa na 14,000. Nilianza na mkeka (tiketi ya kubeti mpira) wa buku mbili. Ulitoka, nikapata 60,000, hapo ndipo nilipokufa. Semista nzima nilikuwa nakula kwa kuzungukia vyumba vya watu saa za ugali. Usingizi nao ukaisha, maana usiku kuna ligi za nchi ambazo sizijui hata mji mkuu wake, na mimi nasubiri kona ya dakika ya 80.

Nilipata sapu (mitihani ya kurudia) tatu. Watu wakasema sina akili za chuo. Akili zilikuwepo, zilikuwa Brazili.

Kilichonisaidia ni aibu, kusema ukweli. Dada yangu wa Buzuruga alikuja chumbani akakuta sina hata chumvi. Hakunisema. Alikaa kitandani, akaomba simu, akafuta zile programu mbele yangu, akasema bumu likiingia linakwenda kwake na kila Jumatatu nafuata hela ya wiki. Mtu mzima wa miaka 22 nafuata hela kama mtoto wa chekechea. Mpaka leo naifuata. Wiki mbili za kwanza mikono ilikuwa inawasha kabisa, nikawa nashinda uwanjani, nacheza namba mbili vibaya sana, lakini nikirudi nalala.

---

Ngosha_wa_Usagara

Mkuu @Mkeka_Umechanika, dada kama huyo achinjiwe ng'ombe.

---

Binti_Igoma

Wanaume mmemaliza, sasa sisi.

P2 si pipi. Ni kidonge cha kuzuia mimba cha dharura, ndani ya masaa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Nina rafiki alikuwa anameza karibu kila wiki, siku zake zikavurugika, akawa anashinda na hofu ya mimba mwezi mzima, hofu hiyo nayo inamzuia kusoma. Kituo cha afya wangempa njia ya uzazi wa mpango ya kutumia kwa amani. Na P2 haizuii Ukimwi. Kama kumetokea la kutokea na humjui mwenzako vizuri, au umelazimishwa, zipo dawa za kuzuia maambukizi, nazo zinatakiwa kuanza ndani ya masaa 72 hayo hayo. Usikae kwanza kulia siku tano. Nenda ukiwa unalia.

Kuhusu kula: nunueni dagaa Mwaloni pale Kirumba, mgawane wanne. Chambua, kaanga wawe wakavu, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Ukirudi umechoka ni nyanya, kitunguu na ugali tu. Damu iliyopungua ya mleta uzi ingetulia mapema, hasa akiongeza mchicha na ndimu. Michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) nayo msiidharau, ukiipika na karanga unakaa mpaka jioni.

---

Naripoti_Oktoba

Shikamooni kaka na dada zangu. Mimi natokea Singida, nimesoma uzi wote nikaogopa, halafu nikafurahi. Naomba kuuliza: jimu ni shilingi ngapi huko? Na mwenye usingizi mgumu afanyeje? Mimi tangu nipate jina la chuo silali.

---

Mapanki_na_Madesa (mleta uzi)

@Naripoti_Oktoba marahaba, karibu sana.

Jimu sijui bei, sijawahi kuingia. Mwanza ni mawe na vilima. Ukipanga chumba mlimani umeshalipia jimu kwenye kodi. Mimi na rumeti tunatembea alfajiri nusu saa, siku tano za wiki, tunarudi tumelowa. Hizo ni dakika 150, ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kinatosha kwa mtu mzima. Jumamosi zipo klabu za jogingi zinapita barabarani na filimbi na nyimbo, jiunge nyuma, hakuna atakayekuuliza jina. Utajua watu kumi kabla hujarudi nyumbani.

Usingizi: acha enaji na kahawa ikishafika mchana. Kahawa ya saa kumi na mbili jioni, karibu nusu yake bado inazunguka kwenye damu saa tano usiku. Simu iache ichajiwe mbali na mkono. Chandarua ni lazima, na ukichomeke chini ya godoro, usikitundike kama pazia la harusi. Halafu amka saa ile ile hata kama umelala vibaya. Mimi ilinichukua kama wiki tatu kutengemaa, usitegemee usiku mmoja.

Silali ya furaha ya kupata chuo haina neno. Ikifika Novemba bado hulali, rudi hapa uniandikie, au nenda kaonane na watu.

---

Nesi_wa_Zamu

Nakazia la chandarua. Hilo la pazia la harusi nimeliona kwa macho yangu hosteli.

---

Mapanki_na_Madesa (mleta uzi)

Mrejesho wakuu.

Bwana mdogo kafika jana jioni. Nimempokea stendi ya Nyegezi, miguu imevimba kwa safari, blanketi kalikumbatia kama mtoto. Leo asubuhi kaniambia kichwa kinamgonga. Nikamwona anaitazama ile soksi.

Nikamchukua na kadi yangu ya bima kama mfano, tukaenda kituo cha afya, tukalipia kipimo chake mfukoni maana ya kwake haijatoka. Malaria hamna. Mhudumu akamuuliza mara ya mwisho amekula lini. Akasema jana saa tano, mkate na soda, njiani.

Tukapitia kwa yule mama ntilie. Nikasema, "Shikamoo mama, huyu ndiye mdogo wangu, muandike kwenye daftari." Akamtazama juu mpaka chini, akampakulia ugali na mapanki, sahani imejaa vichwa. Dogo kaliangalia jicho la sangara, sangara naye kamwangalia. Dakika tano hajagusa.

"Naye ni kama wewe," mama akasema, akamletea maharage.

Zile dozi mbili nimempa @Nesi_wa_Zamu swali kwa ujumbe wa siri, nizipeleke wapi. Bado hajajibu, nadhani yuko zamu.